Miezi 11 na CS50 nikiwa nauza mbolea Makambako: hivi ndivyo nilivyojifunza kuandika programu

#1 Mbegu Bora (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu,

Uzi huu nimekaa nao moyoni tangu Desemba 2024, siku niliyowasilisha mradi wangu wa mwisho. Kila wiki humu jukwaani anatokea kijana anauliza aanzie wapi kujifunza programu, na majibu anayopata ni majina ya lugha za programu tu. Mmoja anamwambia Python, mwingine JavaScript, wa tatu anamwagia viungo ishirini vya video. Mimi nami niliishi na majibu ya aina hiyo miaka miwili, sikusogea. Nataka nieleze kilichonisogeza.

Ninauza kwenye duka la pembejeo hapa Makambako. Mbegu, mbolea, dawa za mimea na za mifugo. Duka ni la mjomba wangu. Mwaka 2022 nilikwenda mjini nikalipa shilingi 450,000 kwenye kituo kimoja cha mafunzo, miezi mitatu. Sitakitaja. Mwalimu alikuwa akiwasha projekta, anaandika msimbo, yaani maagizo ya programu, sisi tunanakili neno kwa neno. Programu zilikuwa zinafanya kazi na tulikuwa tunapiga makofi. Nikarudi nyumbani na daftari lililojaa na cheti chenye muhuri, nikafungua ukurasa mtupu kwenye kompyuta, nikashindwa kuandika mistari mitano ya kwangu mwenyewe. Pesa ile mama aliipata kwa kuuza viazi. Iliniuma sana, na bado inaniuma.

Januari 2024 nikaanza CS50. Kwa asiyeijua: ni kozi ya utangulizi wa sayansi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani, na Profesa David Malan ndiye anayeifundisha tangu 2007. Mihadhara, mazoezi na mfumo wa kusahihisha vyote viko wazi mtandaoni bila malipo. Ukiwasilisha mazoezi yote na mradi wa mwisho, na kila kimoja ukapata angalau asilimia 70, chuo kinakupa cheti cha CS50 bure. Kuna cheti kingine cha kulipia kupitia edX, mimi sikukihitaji.

Wiki zinahesabiwa kuanzia 0, kama kompyuta inavyohesabu. Wiki ya 0 ni Scratch, unapanga vipande vya rangi kama watoto. Wiki ya 1 unaingia kwenye lugha ya C na unakaa humo hadi wiki ya 5: arei (data zilizopangwa kwa safu), algoriti (hatua za kutatua tatizo), kumbukumbu ya kompyuta, namna za kupanga data. Ndipo unakuja kwenye Python, kisha SQL (lugha ya hifadhidata), kisha kurasa za wavuti, kisha Flask (chombo cha kutengeneza tovuti kwa Python). Nilipoiona ratiba hiyo nilitaka kurukia Python moja kwa moja. Nashukuru sikufanya hivyo, na sababu nitaieleza.

Mhadhara wa kwanza Malan anashika kitabu cha simu akitafuta jina la mtu. Anafungua katikati, anaona jina liko upande wa pili, anakichana kitabu vipande viwili na kutupa nusu. Kurasa 1,000 unazimaliza kwa hatua kama 10 tu. Nilielewa palepale. Mambo ya namna hii yanafurahisha lakini hayakufundishi kuandika programu, na video kama hizo nilishaona nyingi. Kilichonifundisha ni zoezi la wiki iliyofuata.

Zoezi linaitwa Mario. Mtumiaji anataja kimo, programu inachora piramidi ya alama za reli (#) iliyoegemea kulia. Basi. Nilikaa nalo siku sita. Sikuwa na mwalimu wa kunakili kwake, na mfumo wa kusahihisha, unaoitwa check50, haukupi jibu. Unakwambia tu ulichotarajiwa kutoa na ulichotoa. Siku ya sita, duka halina mteja, nikachukua punje za mahindi nikazipanga juu ya kaunta. Nikageuza kitabu cha risiti nikaandika nyuma yake, kwa piramidi ya kimo cha 4:

safu ya 1: nafasi tupu 3, punje 1
safu ya 2: nafasi tupu 2, punje 2
safu ya 3: nafasi tupu 1, punje 3
safu ya 4: nafasi tupu 0, punje 4

Nikaona kila safu jumla ni 4. Yaani nafasi tupu ni kimo ukitoa namba ya safu. Wakuu, niliandika mzunguko, yaani agizo la kurudia hatua, ndani ya mzunguko mwingine kwa dakika kumi, na mistari yote ya check50 ikawa ya kijani. Karatasi ile bado ninayo. Tangu siku hiyo sikuandika programu yoyote kabla ya kuipanga kwanza kwa mkono, kwa punje, kwa kalamu, kwa chochote kilichopo.

Wiki ya 4 ndiyo iliyonitoa machozi. Inahusu kumbukumbu ya kompyuta, na humo mna kitu kinaitwa pointa. Ukilipa neno fulani jina s, ukaandika kwamba jina la pili, t, ni sawa na s, kisha ukakuza herufi ya kwanza ya t, unakuta na s imebadilika. Nilidhani kompyuta imeharibika. Nikarudia mhadhara mara tatu. Kilichonifungua macho ni bahasha ya mbegu iliyoandikwa S.L.P. ya kampuni. Pale pale nikaona: s haijabeba neno, imebeba namba ya sanduku la posta. Nilipoandika t ni sawa na s nilinakili namba ya sanduku kwenye karatasi ya pili, lakini sanduku ni lile lile moja, na barua ni ile ile. Ukitaka nakala ya kweli unaomba sanduku jipya, kazi ya malloc hiyo, unahamisha herufi moja moja, na ukishamaliza matumizi unalirudisha. Usiporudisha, masanduku yanakwisha posta nzima.

Wiki hiyo hiyo kuna zoezi la kuokoa picha zilizofutwa. Unapewa nakala ya kadi ya kamera, unaisoma vipande vya baiti 512, na kila unapokutana na alama za mwanzo wa picha ya JPEG unafungua faili jipya. Zinatoka picha 50. Zilipoanza kujitokeza kwenye skrini yangu nilimwita mjomba aje aone. Hakuelewa nilichofanya, ila alikaa nami hadi zikaisha.

Mradi wa mwisho niliamua uwe wa duka: stoo, madeni ya wakulima, na tarehe za dawa kuisha muda. Nilitumia Flask na SQLite, hifadhidata ndogo inayotumia SQL. Nilifanya kosa ambalo ningependa mlijue. Tarehe niliziweka kama maandishi, siku kwanza, kisha mwezi, kisha mwaka. Nikaagiza hifadhidata inipangie dawa zinazowahi kuisha muda, ikaniletea 01/12/2026 juu ya 15/02/2025. Haikuwa imekosea. Maandishi hupangwa kwa herufi ya kwanza, na 0 iko kabla ya 1. Nikageuza ziwe mwaka, mwezi, siku, na orodha ikakaa sawa. Kule kwenye kituo cha mwanzo ningesubiri mwalimu aje arekebishe. Hapa nilijua pa kuchungulia, kwa sababu wiki ya 2 nilishajifunza kwamba hata alama ya herufi ni namba tu.

Ndiyo maana nasema kozi yenye mpangilio inafaa, lakini si kwa sababu ya video. Inafaa kwa sababu mtu aliyekutangulia amekaa akafikiri lipi litangulie lipi, kisha kwenye kila hatua akakuwekea mlango ambao huwezi kuupita kwa kunakili. Kama kozi yako haina mlango huo, tafuta nyingine.

Karibuni kwa maswali.

#2 Fundi Mita

Mkuu shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi salamu. Niko Dodoma, kazi yangu ni kufunga nyaya za umeme majumbani. Nina maswali mawili. Simu inatosha? Na bando je, maana video za saa mbili zinakula sana.

#3 Mbegu Bora

Marahaba ndugu, ingawa nadhani tunalingana.

Simu kwa mihadhara inatosha, kwa mazoezi sikudanganyi, utateseka. Mimi nilinunua kompyuta ya mtumba yenye RAM ya GB 4, ya zamani kweli, na ilitosha kwa sababu msimbo unaandikwa ndani ya kivinjari. Kompaila (programu inayogeuza msimbo uwe lugha ya mashine) na kila kitu viko kwenye seva yao, unahitaji akaunti ya GitHub tu, tovuti ya kuhifadhi msimbo. Kwa hiyo intaneti lazima iwepo unapofanya zoezi, ila hapo haili bando kama video.

Video zipakue. Kwenye tovuti yao kila mhadhara una faili la kupakua, na kuna yenye ubora mdogo. Mimi nilikuwa nanunua bando la usiku Jumapili, napakua mhadhara mmoja, wiki nzima nautazama vipande vipande. Usiwe na haraka. Mimi wiki moja yao niliifanya kwa mwezi. Kila mwaka kozi hufungwa Desemba 31, lakini usipomaliza, uliyokwishafanya yanahamia mwaka unaofuata.

#4 Ghala la Jumla

Hongera mleta uzi, ila naomba nipingane nawe kidogo. C ni lugha ya mwaka 1972, Dennis Ritchie aliitengeneza kule Bell Labs. Leo mteja anayekuja na shilingi laki tano anataka tovuti ya hoteli yake, hataki pointa. Mimi CS50 niliiacha wiki ya 3 nikahamia The Odin Project, kozi ya mtandaoni ya kutengeneza tovuti, nayo ni bure na ina mpangilio wake. Ndani ya miezi minne nilikuwa naweza kutengeneza kurasa, na mteja wa kwanza nilimpata kabla mwaka haujaisha. Kijana mwenye njaa umwambie akae na masanduku ya posta miezi mitano? Nadhani tunawakatisha tamaa.

#5 Bahari Tulivu

Natoka Mombasa, na mimi ni mama wa watoto wawili, kwa hivyo saa zangu za kusoma ni kuanzia saa nne usiku. Nitasema langu.

CS50 niliianza mara mbili peke yangu na mara zote mbili nikaishia wiki ya 4. Sikushindwa kwa akili, nilishindwa kwa upweke. Mtu unakaa na kosa moja siku tatu, hakuna wa kumwambia, unaanza kujiona mjinga. Mara ya tatu tukawa watano. Tulikuwa tukikutana Jumamosi baada ya alasiri, nyumbani kwa mmoja wetu, na sheria yetu ilikuwa moja: hakuna kumwonyesha mwenzako msimbo wako. Unamsomea tatizo lako kwa mdomo, mstari kwa mstari, unaeleza kila mstari unafanya nini. Nusu ya makosa yangu niliyaona mwenyewe nikiwa katikati ya kueleza, kabla mwenzangu hajafungua kinywa.

Kwenye kozi wanakushauri ueleze tatizo lako kwa bata wa mpira. Ni hilo hilo, lakini bata hakupikii chai wala hakuulizi mbona wiki jana hukuja. Wanne kati ya watano tulimaliza.

Kwa hivyo ndugu mleta uzi, mlango uliouzungumzia naukubali. Ongeza na watu wa kungoja nao mlangoni.

#6 Mbegu Bora

Dada wa Mombasa, umenigusa. Mimi mjomba ndiye alikuwa bata wangu, na sikuwa nimelifikiria hivyo hadi niliposoma ujumbe wako.

Mkuu wa #4, sipingi The Odin Project. Ina mpangilio na miradi yake ni migumu kwelikweli, huwezi kuinakili. Kwa mtu anayetaka wavuti haraka, hiyo ni njia halali na wewe ni ushahidi. Lakini kuhusu C niruhusu mfano wa shilingi zetu.

Katika C namba nzima ya kawaida ina biti 32 (tarakimu 32 za 0 na 1), na kikomo chake ni 2,147,483,647. Sasa chukua programu ya duka kubwa la jumla, mauzo ya mwaka yanajumlishwa kwenye namba ya aina hiyo. Kwa dola utakaa miaka bila kuona tatizo. Kwa shilingi za Tanzania, bilioni mbili na kitu si ndoto kwa muuza mbolea wa jumla. Jumla ikipita kikomo, kwa kawaida inageuka hasi. Mwenye duka anaambiwa ana hasara ya mabilioni. Python yenyewe haina kikomo hicho, lakini hifadhidata nyingi zina aina ya namba ya biti 32, na ukiichagua bila kujua, kosa linakungoja. Mtu aliyepita wiki ya 1 anajua pa kuangalia. Asiyepita atabadilisha kila kitu isipokuwa hicho.

Njaa naielewa, nimeishi nayo. Mimi sikuacha kuuza dukani hata siku moja.

#7 Zamu ya Usiku

Mimi ni mwandishi wa programu kwa kazi, Nairobi, mwaka wa saba sasa. Nimefurahia uzi huu, na nitaongeza upungufu mmoja ili wanaoanza wasishtuke.

CS50 inakufundisha kuandika programu yako kutoka ukurasa mtupu. Kazini ukurasa mtupu ni nadra. Unakuta msimbo wa watu wengine, maelfu ya mistari, aliyeuandika ameshahama kampuni, na wewe unaulizwa kwa nini malipo ya mteja mmoja hayakuingia. Kusoma msimbo wa mwingine ni ujuzi wa peke yake. Pia Git, chombo cha kutunza kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, ambacho bila hicho hakuna timu itakayokuweka. Kwenye CS50 kimefichwa nyuma ya amri ya kuwasilisha zoezi, unakitumia bila kukiona. The Odin Project inakianza mapema, na hapo mkuu wa #4 ana hoja kubwa. Ushauri wangu: ukifika wiki ya 6, anza kuweka kazi zako kwa Git mwenyewe, na utafute mradi wa chanzo huria, ambao msimbo wake uko wazi kwa wote, usome faili moja kila siku. Hata usipobadilisha kitu.

#8 Kidato cha Sita

Wakubwa shikamooni. Swali langu: ChatGPT inaniandikia zoezi lote kwa sekunde kumi na check50 inakubali. Kwa nini nikae siku sita na punje za mahindi? Nauliza kwa nia njema.

#9 Zamu ya Usiku

Marahaba kijana. Kanuni za kozi haziruhusu kutumia ChatGPT kukuandikia majibu. Wana msaidizi wao, bata wa kidijitali, aliyefundishwa kukuongoza bila kukupa jibu, huyo unaruhusiwa. Hilo ni la kanuni.

La kazini ni hili. Mimi mwenyewe natumia hivyo vyombo kila siku. Vinaandika haraka, na mara nyingi vinaandika vizuri. Kisha kuna siku vinaandika kitu kinachoonekana sawa kabisa na si sawa, mfano tarehe za mleta uzi pale juu. Wanaoliona kosa hilo ni wale waliowahi kukaa siku sita. Ninapomhoji anayeomba kazi, simwulizi anatumia chombo gani. Ninampa mistari ishirini yenye kosa moja ndani, namwomba anieleze kwa mdomo inafanya nini. Wanaonakili wananyamaza kwenye mstari wa tatu. Inanihuzunisha kila mara, kwa kuwa wengi wao ni vijana wenye akili nzuri waliolipa ada.

#10 Fundi Mita

Wakuu narudi baada ya wiki mbili. Nimepata kompyuta ya mtumba. Wiki ya 0 nimemaliza, nimetengeneza mchezo wa Scratch, mwanangu anaucheza. Sasa niko Mario na nimekwama siku ya nne. Piramidi yangu inaegemea kushoto:

```
#
##
###
####
```

Naomba tu mtu anitumie msimbo nione nilipokosea, nitajifunza kwa kuusoma.

#11 Mbegu Bora

Ndugu, hongera kwa mchezo wa mtoto. Msimbo sikutumii, na naomba mwingine yeyote asimtumie. Nijibu haya matatu hapa hapa:

Safu ya kwanza, kabla ya alama ya reli, kompyuta inapaswa kuchapisha nini? Ngapi?

Safu ya pili je?

Na katika msimbo wako, ni mstari gani unaochapisha kitu hicho?

#12 Fundi Mita

Safu ya kwanza nafasi tupu 3. Ya pili 2.

Mstari wa kuzichapisha... haupo. Nimeangalia mara mbili. Nimeandika mzunguko wa safu na mzunguko wa alama tu.

Ngoja.

#13 Bahari Tulivu

Tunangoja ndugu, usiondoke.

#14 Fundi Mita

Ilikuwa inanipa nafasi moja zaidi kila safu, kwa sababu nilianza kuhesabu na 0 halafu nikatoa bila kutoa 1. Nimepanga misumari sakafuni ndipo nikaona. Saa nane usiku hii.

```
   #
  ##
 ###
####
```

Zote za kijani. Mke wangu ameamka kuuliza nani amekuja.